Watoto wamerudi, vitabu bado

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya wanachama, katika mkutano wa mwezi)



Mlituomba tuseme juu ya vitabu vya utoto, vile vilivyotufanya tupende kusoma mpaka leo. Sisi wafanyakazi wa tereni mmezoea kutuona na liste mkononi: mbegu, majembe, manjanja, sabuni. Leo tunaleta habari ya vitabu, na mwishoni tutawaomba kitu.

Sisi tuliokuwa masomo ya msingi wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, hapa Butembo na kule Beni, hatukukomea katikati ya vitabu. Kitabu kimoja, watoto watatu ao wane kwenye benchi. Mwalimu anaandika somo kwenye ubao, sisi tunakopi kwenye kaye. Prime ya mwalimu, ni wazazi walikuwa wanalipa, na mwenye hajalipa anarudishwa nyumbani. Hata hivyo tulisoma: kipande ya gazeti ya Uganda yenye ilifunga mandazi, karatasi ya ndani ya kartoni ya dawa, kalenda ya parokia. Na siku ya bahati, kitabu chenyewe.

Kuko viwili ambavyo wengi wetu hatutavisahau. Cha kwanza ni La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre, cha Léopold Sédar Senghor na mwalimu mwenzake Abdoulaye Sadji, wa Senegal. Kilitoka mwaka wa 1953 kwa ajili ya watoto wa masomo ya Afrika, na yule Senghor akakuja kuwa rais wa kwanza wa inchi yake mwaka wa 1960. Leuk ni sungura. Kwa nini kilitushika? Kwa sababu sungura tulimujua tayari! Wazee walikuwa wametupigia hadisi zake jioni, karibu na moto, kwa Kinande. Kifaransa cha kile kitabu hatukukielewa chote, lakini tulijua sungura ni mujanja, tukangojea kuona namna gani atawashinda wakubwa. Basi maneno magumu yakafunguka yenyewe.

Cha pili tulikipata tulipokomaa kidogo: L'Enfant noir cha Camara Laye, wa Kouroussa, Guinea. Nacho kilitoka 1953. Camara Laye alikuwa Ufaransa, mbali na kwao, akifanya kazi katika kiwanda cha magari. Kule ndiko aliandika juu ya mama yake, na juu ya baba yake mufuachuma aliyefanya kazi ya dhahabu. Ninyi mliokaa miaka katika familia za kupokea, mnajua ile hali: mtu yuko hapa, moyo uko kwenye shamba lake. Yeye alichukua nyumba ya baba yake, akaiweka ndani ya kitabu, na vita haiwezi kuichoma.

Njo maana tunasema hivi: kupenda kusoma kunaanza na masikio. Mtoto anapenda kitabu pale anapokuta ndani yake kitu alichokisikia kwao.

Sasa tuangalie watoto wetu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya eneo la Beni yamekimbiza watu wa Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vingi. Ebola ikatangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati yake masomo yakafungwa juu ya korona. Ni kweli, tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na kalasi zimejaa. Lakini angalia hii: kalasi ya 1 na ya 2, mtoto anaanza na Kiswahili, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Mtoto aliyekimbia akiwa kalasi ya 2, anarudi na miaka ya kalasi ya 4. Anawekwa pale, Kifaransa mbele yake, na Kiswahili chenyewe hajamaliza kukisoma. Anatamka silabi moja moja, kama mtu anayechagua mawe ndani ya maharagi. Kisha anaachilia.

Mama mmoja alituambia: « Kitabu hailiwi. » Ana haki. Hatutaomba franga ya mbegu. Tunaomba vitu vitatu.

Kwanza, kila jioni, hadisi moja, hata fupi, kwa Kinande ao Kiswahili. Hiyo haina bei.

Pili, kijana wa nyumba anayejua kuandika, aiandike kwa Kiswahili ndani ya kaye, herufi kubwa, ukurasa mmoja kwa hadisi moja. Mdogo wake ataisoma kwa sababu anaijua tayari. Hicho ndicho kitabu chake cha kwanza.

Tatu, kutoka sanduku ya mshikamano, tununue vitabu vichache vya Kiswahili na vya Kifaransa chepesi, vizunguke kartie kwa kartie. Kila nyumba inashika kimoja kwa juma moja, na jina linaandikwa, sawa vile tunaandika deni. Hii ya tatu ni ninyi mtaamua kwa kura.

Neno moja tena. Usalama haujakamilika, sisi wote tunajua. Kuko familia ambazo bado zinalala na mfuko tayari karibu na mlango: kadi ya uchaguzi, kaye ya akiba, nguo ya mtoto. Mutie na ile kaye ya hadisi. Haina uzito. Kule mtafika, mtoto atakuwa na kitu cha kusoma chenye kinatoka kwao.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja akuje na kaye moja na hadisi moja. Sisi tutaleta zetu.