Mti Usioujua Karibu na Malisho



Kiangazi kikikaza na nyasi za Mvomero na Kilosa zikiisha, mnasogeza mifugo kufuata mito inayoshuka kutoka milima ya Uluguru. Huko mnapita kando ya bustani za watu. Wenye nyumba hupunguza uzio wa maua na kutupa matawi njiani, na ng'ombe mwenye njaa hachagui.

Ukikuta mti usioujua, usianze na jina. Mluguru ana lake, Mmaasai ana lake, na jina moja huweza kubeba miti miwili. Utazame mti wenyewe. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, au yanapishana? Shina ni la duara au lina pembe nne? Tawi likivunjika linatoa maziwa? Usionje, na maziwa hayo yasikuingie machoni.

Chukua kichaka cha Lantana camara, kilicholetwa kutoka Amerika kuwa pambo la bustani. Shina lina pembe nne, mara nyingi na vimiiba. Majani yanatazamana, yanakwaruza, na ukiyafikicha yananuka sana. Kishada kimoja huwa na maua ya njano pamoja na ya pinki au mekundu; matunda yakiiva ni meusi. Ng'ombe akila kingi, ini linaharibika. Macho yanakuwa ya njano, na ngozi nyeupe ya pua, masikio au chuchu inaungua kwa jua hadi kupasuka. Mtoe hapo, muweke kivulini, umwite afisa mifugo. Umanjano huo huonekana pia kwenye ndigana baridi, kwa hiyo mwambie mnyama alichungwa wapi. Bila hilo atatibu kupe.

Kibaya zaidi ni ule mti wa ua la njano kama kengele, majani membamba marefu, maziwa meupe. Huo unashika moyo, na mnyama anaweza kufa ghafla. Msiseme mbuzi wa jirani alikula akapona. Huenda alionja tu.

Msiung'oe mti kabla haujajulikana, maana huenda ni mlusina, chakula kizuri cha mifugo kikitolewa kwa kiasi. Kata tawi la urefu wa mkono, lenye majani na ua au tunda. Lilaze kati ya magazeti, uweke jiwe juu. Kwenye mfuko wa plastiki litaoza. Mpelekee afisa mifugo wa kata, au lifikishwe Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapo hapo Morogoro. Andika ulipolikata, urefu wa mti, rangi ya ua kabla halijakauka, na siku mnyama alipoanza kuumwa.