Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Mtoto: Tunamwandalia Nani?

Dominika ya 22 ya Mwaka C
Masomo: YbS 3:17-18, 20, 28-29, Ebr 12:18-19, 22-24, Lk 14:1, 7-14



Katika Injili ya Dominika ya leo, Bwana wetu Yesu Kristo amealikwa kula chakula nyumbani kwa mkuu mmoja wa Mafarisayo, siku ya Sabato. Anawatazama wageni wanavyovichagua viti vya mbele, naye anawaonya. Kisha anamgeukia mwenye nyumba, na kwake ana neno zito zaidi. Anamtaka aandaapo karamu asiwaite wale tu wenye uwezo wa kumrudishia, bali awakumbuke maskini na walemavu wasio na cha kumlipa. Malipo yake atayapata siku ya ufufuko wa wenye haki.

Mara nyingi tumehubiri juu ya wageni na viti vyao. Leo tungependa kubaki na mwenye nyumba. Tena tungependa kuzungumza juu ya karamu moja ambayo imeingia katika nyumba nyingi za waamini wetu, mjini na hata vijijini, nayo ni sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto mdogo, yule anayetimiza mwaka mmoja, miwili au mitatu.

Huenda wengine mkajiuliza kama jambo hilo lastahili kuletwa mbele ya Neno la Mungu. Wazee wetu wengi hawakuijua tarehe waliyozaliwa. Walihesabu kwa mwaka wa njaa au mwaka wa mafuriko. Nasi tuliolelewa karibu na misheni tulizoea zaidi kuiadhimisha sikukuu ya somo wetu, yaani mtakatifu ambaye tulipewa jina lake katika Ubatizo. Siku hizi tarehe ya kuzaliwa imeandikwa katika kadi ya kliniki na katika daftari la Ubatizo, na mtoto huijua mapema. Kuikumbuka si dhambi. Mama Kanisa mwenyewe huadhimisha kuzaliwa kwa watatu: Bwana wetu tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Basi swali letu si kama tusherehekee. Swali letu ni hili: tunaposherehekea, tunamwandalia nani?

Turuhusuni tuwasimulie kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika parokia moja ya mjini, tulialikwa kwenye sherehe ya mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Ukumbi ulikuwa umekodiwa, viti vimevishwa vitambaa, keki ina ghorofa tatu, mpiga video yupo, na vipaza sauti vinatikisa madirisha. Sisi tuliketishwa meza kuu. Mtoto, aliyevishwa suti na tai, alishtushwa na kelele zile, akalia mpaka akapitiwa na usingizi begani mwa bibi yake. Wakati wa kukata keki ulipofika, mkono wake uliolala ulishikishwa kisu ili picha ipigwe. Nasi tulipopewa nafasi ya kusema, tuliwasifu wazazi wale mbele ya wageni wote, tukawaita mfano wa wazazi wenye upendo.

Baada ya miezi minne, mama yake mtoto alikuja ofisini kwetu. Sehemu ya fedha za sherehe alikuwa ameikopa katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Sehemu nyingine ilikuwa ada ya shule ya binti yake mkubwa, ambaye sasa alikuwa amerudishwa nyumbani. Wanakikundi walimdai, naye alikuwa ameacha kuhudhuria Jumuiya, kwa sababu wadai wake ndio waliokuwa wanajumuiya wenzake. Tulipomwuliza kwa nini walifanya vile, alijibu kwa sauti ya chini: “Baba, tulijua hatuna. Lakini tulikwisha kula kwenye sherehe za wenzetu. Tungeonekanaje?” Hatukuwa na neno la kumkemea, maana sifa zile tulizitoa sisi.

Wahenga walisema, kukopa harusi kulipa matanga. Msemo huu si wa harusi peke yake.

Ndugu wapendwa, Dominika hii huangukia kila mwaka karibu na tarehe 29 Agosti, siku ambayo Kanisa hukumbuka kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Mauaji hayo yalitendeka katika sherehe ya kuzaliwa. Mwinjili Marko, katika sura ya 6, anatueleza kwamba Herode aliwaandalia karamu wakubwa wake, majemadari na watu mashuhuri wa Galilaya. Binti wa Herodia akacheza, akawapendeza. Herode akaapa kumpa lo lote atakaloomba, hata nusu ya ufalme. Angalieni neno hili: Herode Antipa hakuwa hata mfalme kamili. Alikuwa mtawala wa Galilaya na Perea chini ya Warumi, wala hakuwa na mamlaka ya kuigawa nchi ile. Aliahidi mbele za watu kitu kisichokuwa chake. Na binti alipoomba kichwa cha Yohane, Herode alihuzunika, lakini hakuthubutu kurudi nyuma kwa sababu ya viapo vyake na kwa sababu ya wale walioketi naye mezani.

Kwa sababu ya wale walioketi naye! Hapo ndipo penye jeraha. Hatusemi kwamba mzazi anayekopa ili afanye sherehe ni sawa na Herode. Tunasema kwamba hofu ni ile ile, hofu ya macho ya wageni. Hofu hiyo humfanya mtu mwema atoe kisicho chake, na anayelipa ni mtu mwingine ambaye hakualikwa kusema neno. Katika nyumba ile tuliyoitaja, aliyelipa alikuwa binti aliyekaa nyumbani bila shule.

Sasa tumtazame mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili haijui bei ya keki. Haoni fahari ya ukumbi. Huwajua mama yake, baba yake, bibi yake na watoto wa jirani. Hupenda kupiga vifuniko vya sufuria, kuingia ndani ya boksi tupu na kulikimbilia puto. Huchoka upesi na huogopa kelele na nyuso ngeni. Yeye ndiye yule mgeni wa Injili asiye na cha kulipa. Anayemwandalia yeye kweli, kwa kipimo chake, amekwisha kuanza kulitii neno la Bwana.

Yule mama alilipa deni lake kidogo kidogo, na binti akarudi shuleni. Mtoto alipotimiza miaka miwili tulialikwa tena, safari hii nyumbani. Tungependa kuwaeleza yaliyofanyika, ili mwenye kutaka ajifunze.

Sherehe ilianza saa nne asubuhi, mtoto akiwa amekwisha kunywa uji na kuchangamka, ikaisha kabla ya saa sita, wakati wake wa kulala. Watoto wenzake walikuwa saba tu. Mkeka ulitandikwa chini ya mwembe. Keki aliioka shangazi kwa mkaa: sufuria yenye mchanga mkavu ndani yake, chombo cha keki juu ya mchanga, na makaa mengine juu ya kifuniko. Kulikuwa na vitumbua, ndizi, papai lililokatwa vipande vidogo na maji ya ukwaju. Michezo ilikuwa maboksi, mpira wa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba, na ule mchezo wa ukuti, watoto wameshikana mikono wakizunguka na kuanguka pamoja. Hata baba mtu, ambaye mwaka uliotangulia alisimama mlangoni akihesabu wageni, alizunguka na kuanguka nao.

Mama mmoja muuguzi alituonya jambo ambalo tunalirudia kwa faida ya wazazi wote. Watoto wadogo wasipewe karanga, bisi, pipi ngumu wala zabibu nzima, kwa maana huweza kuwakaba kooni. Na puto likipasuka, vipande vyake viokotwe mara moja, kwa sababu hiyo hiyo.

Miongoni mwa watoto wale saba walikuwamo wawili wa mama anayeuza mboga ng'ambo ya barabara, ambao hawakuwahi kualikwa po pote. Walikuwamo pia watoto wa jirani Mwislamu pamoja na mama yao, na vyakula vilikuwa vile ambavyo wao pia waliweza kula. Hakuna aliyeambiwa alete zawadi. Zaburi ya leo inamsifu Mungu kuwa ni baba wa yatima na kwamba huwapa makao walio wapweke. Asubuhi ile tuliiona Zaburi hiyo imekaa mkekani.

Mwishoni bibi alisimulia usiku ambao mtoto alizaliwa, jinsi mvua ilivyonyesha na jinsi majirani walivyombeba mama yake kumpeleka zahanati. Kisha baba akautoa mshumaa wa Ubatizo uliohifadhiwa kabatini, akauwasha. Wazazi na wasimamizi wa Ubatizo wakamchora mtoto alama ya msalaba katika paji la uso, kama walivyofanya siku alipobatizwa. Mtoto akaupuliza mshumaa mara tatu asiweze kuuzima, watoto wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Gharama ilikuwa unga, sukari, mayai, mafuta, matunda na mkaa kidogo, na hapakuwa na deni. Nasi tuliketi mkekani, kwa maana meza kuu haikuwapo.

Ndugu zetu makatekista, mnapowaandaa wazazi kwa Ubatizo wa watoto wao, wafundisheni kuutunza mshumaa ule na kuuwasha kila mwaka. Nanyi wanajumuiya, mnapoalikwa kwenye sherehe ndogo, msiulize kwa nini hakuna hiki na kile. Maneno yetu sisi wageni ndiyo yanayowasukuma wengine kukopa. Na sisi mapadre tujihadhari na sifa tunazozitoa kwenye vipaza sauti.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yoshua bin Sira katika somo la kwanza anatuusia unyenyekevu, na kwamba kadiri mtu alivyo mkubwa ndivyo apaswavyo kujishusha. Mzazi anayejishusha hata kuketi chini na mtoto wake hajapungukiwa na heshima. Na Waraka kwa Waebrania unatukumbusha kwamba tumeukaribia mji wa Mungu aliye hai, wenye shangwe ya malaika wasiohesabika, na kusanyiko la wale ambao majina yao yameandikwa mbinguni. Jina la mtoto wako limekwisha kuandikwa huko siku alipobatizwa. Karamu yake kubwa imekwisha kuandaliwa, na aliyeilipia ni Kristo kwa damu yake. Hii ya nyumbani yatosha iwe ndogo.

Tarehe 8 Septemba tutaadhimisha kuzaliwa kwa Mama yetu Bikira Maria. Tumwombe atufundishe kuwafurahia watoto wetu kwa kile tulicho nacho, na kumfungulia mlango yule asiye na cha kuturudishia.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.