Weldi ya Kona Isiyo Mraba
Msikilizaji, mabamba mawili ya chuma yakiunganishwa kwa pembe mraba, nguvu ya weldi haimo kwenye upana unaouona. Imo kwenye unene wake, kutoka kona ya ndani hadi usoni. Weldi yenye miguu, yaani pande mbili zinazoshika mabamba, ya milimita 8 ina unene wa takriban milimita 5.6.

Sasa chukua chuma cha mshazari kinachoegemeza stendi ya tangi la maji. Upande mmoja pembe imefunguka hadi digrii 120. Miguu ni milimita 8 zilezile, lakini unene umeshuka hadi milimita 4! Geji ya kawaida, iliyotengenezwa kwa digrii 90, haitakuonyesha upungufu huo. Pima pembe kwanza. Ili kurudisha unene ule, miguu ifike zaidi ya milimita 11.

Upande wa pili, pembe ikibana chini ya digrii 60, moto huenda usifike konani, ukabaki uwazi ambao macho hayaoni. Afadhali fundi achomee kipande cha majaribio, kikatwe, mtazame ndani.

Na rangi isubiri. Gamba ligongwe, brashi ya waya ipite, weldi ikaguliwe kwanza.