Waliopanda Bila Kuona Mavuno



Kila tunapokutana, swali ni lile lile: miaka mitatu ya mradi imekwisha, matunda yako wapi? Leo tulitazame swali hilo kupitia historia ya watu wa Poland.

Mwaka 1772, 1793 na 1795, majirani watatu, yaani Urusi, Prussia na Austria, waligawana nchi hiyo mpaka ikafutika katika ramani. Ilikaa hivyo miaka 123. Wapolandi walishika silaha dhidi ya Urusi mwaka 1830 na tena 1863. Mara zote mbili walishindwa. Baadhi ya viongozi walinyongwa, na watu wengi wakapelekwa uhamishoni Siberia. Ujasiri wao tunauheshimu.

Lakini ilikuwepo pia kazi isiyo na kelele. Katika mji wa Poznań, uliokuwa chini ya Prussia, daktari Karol Marcinkowski, aliyeshiriki mapambano ya 1830, alichagua njia nyingine. Mwaka 1841 alianzisha pamoja na wenzake chama cha kusomesha vijana wasio na uwezo kwa michango ya wananchi. Baadaye zikaja benki za ushirika, ambako mkulima aliweka akiba kidogo kidogo na kupata mkopo. Kuanzia mwaka 1891 umoja wa vyama hivyo uliongozwa na Padre Piotr Wawrzyniak. Serikali ilipotenga fedha za kununua mashamba ya Wapolandi ili kuwaweka walowezi wa Kijerumani, mikopo hiyo iliwasaidia wengi kubaki na ardhi yao.

Gharama haikukosekana. Mwaka 1901, katika mji mdogo wa Września, watoto walichapwa viboko shuleni kwa kukataa kufundishwa dini kwa Kijerumani. Wazazi waliolalamika walishtakiwa, na baadhi yao wakafungwa.

Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na dola zote tatu kuanguka, Poland ikasimama tena. Tuseme kweli: akiba na shule peke yake hazikuleta uhuru. Ila mlango ulipofunguka, walikuwepo watu wenye kujua kusoma, kutunza hesabu na kuendesha vikao kwa lugha yao wenyewe.

Marcinkowski alifariki mwaka 1846, na Wawrzyniak mwaka 1910. Hakuna kati yao aliyeiona siku hiyo.

Ndugu zetu, taarifa za fedha tutaendelea kuzitoa na kuzidai, maana ni haki ya kila anayechangia. Lakini tusifunge darasa la jioni wala kikundi cha akiba kwa sababu tu hakijatoa picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Tujiulize kwanza: je, watu wanajifunza kusimama wenyewe? Kama ndiyo, tuendelee, hata kama watakaovuna ni wajukuu wetu.