Kilima Kinachouzwa kwa Haraka

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa uwanjani wa shirika la hapa kwetu, mbele ya familia zilizohama vita na viongozi wa vijiji vilivyozipokea, Kivu ya Kaskazini.

 

Juma lililopita komisioneri mmoja alinisimamisha njiani akanionyesha ujumbe kwenye simu yake. Uliandikwa hivi: shamba linauzwa, hekta 30, kuna majani mengi ya ng'ombe, maji hayakauki, mahali pa kujenga nyumba ni pazuri, na nyuma kuna pori la kuwinda. Mwisho aliongeza maneno mawili: bei rahisi.

Nilimuuliza kwa nini bei ni rahisi. Akacheka, akasema: «Mwenyewe yuko ukimbizini, anataka pesa leo.»

Ndugu zangu, leo nitasema juu ya maneno hayo mawili tu. Ardhi ya mtu aliyehama vita huwa rahisi siku ya kuinunua. Gharama yake huja baadaye, na wanaoilipa ni watoto wa muuzaji na watoto wa mnunuzi.

Siongei kama mtu aliyesoma jambo hili vitabuni. Mwaka 2012, mwezi wa 11, M23 ilipoingia Goma mara ya kwanza, mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Baba yangu mdogo alikuwa amekimbia kutoka Masisi, akikaa kambini Mugunga na mke wake na watoto. Mtoto mmoja aliugua sana. Akaja mtu mwenye pesa anayetafuta malisho ya ng'ombe. Baba mdogo akaniita: «Wewe umesoma, njoo utuandikie karatasi.»

Niliandika. Niliandika kwamba ameuza «shamba lake lote» kilimani. Sikuandika mipaka. Sikumuuliza mama mdogo, naye alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu. Hakuna mzee wa kilima aliyekuwapo, hakuna jirani. Mashahidi walikuwa watu wawili wa kambini ambao hawajawahi kukiona kilima hicho. Nilipewa soda, nikarudi shuleni nikifikiri nimesaidia.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini baba mdogo alifariki, na watoto wake wakakua. Walipokwenda kutazama kilima walikuta senyenge, ng'ombe, na nyumba ya mabati. Mnunuzi anasema amenunua mpaka mtoni. Wao wanasema baba yao aliuza sehemu ya juu tu, kwa maana ya chini ni ya bibi yao na makaburi yako huko. Siku moja mdogo wao aliniambia kwa sauti ya chini: «Yaya, ni mkono wako ulioandika. Sasa tuambie, turudi kwa karatasi au turudi kwa bunduki?»

Neno hilo halijaniacha. Na mnunuzi naye hana amani. Si mtu mwovu. Alipoteza ng'ombe zake katika vita vya mbele, akataka kuanza upya. Leo analipa walinzi usiku, na hawezi kulala katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Sasa tuseme juu ya sheria, kwa sababu wengi tunauziana kitu tusichokijua.

Sheria ya ardhi ya nchi yetu ni ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa mwaka 1980. Msingi wake ni kwamba udongo wote ni wa Serikali. Mtu haupati udongo wenyewe, anapata haki ya kuutumia, yaani konsesyo, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya mkono kama ile niliyoandika inaonyesha kwamba watu wawili walipatana. Sertifika haiwi.

Lakini sisi wengi tunalima kwa haki ya kimila. Sheria hiyo ya 1973 ilisema kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanazokaa zitapangwa na amri ya Rais. Miaka mingi ikapita, amri ile haikutoka, na katika pengo hilo wenye nguvu waliingia. Katiba ya mwaka 2006, kipengele cha 34, inatambua mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Basi msikubali kuambiwa kwamba haki ya kimila si kitu.

Jueni pia jambo hili. Mtu anapoomba ardhi ya shamba kwa Serikali, sheria inataka uchunguzi ufanyike kwanza: kutazama mahali, kuandika watu wanaokaa au kulima hapo, na kusikiliza malalamiko. Lakini wakati kijiji kizima kimekimbia, nani atalalamika? Mchunguzi akija atakuta majani tu. Na sertifika ikiisha kutolewa na miaka 2 ikapita, ni vigumu sana kuivunja. Anayebaki ukimbizini miaka mitano anaweza kurudi na kukuta mlango wa sheria umekwisha kufungwa. Ndiyo sababu ninawasihi msikae kimya mkisikia ardhi yenu inapimwa. Andikeni barua mapema, hata mkiwa mbali, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Wazee wetu wanajua kwamba jambo hili ni la zamani. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, Wabelgiji walileta watu kutoka Rwanda na kuwapanga Masisi, na mashamba makubwa ya wakoloni yakakaa palepale. Mwaka 1973 Mobutu aliyachukua mashamba ya wageni, nayo yakaangukia mikono ya watu waliokuwa karibu na utawala. Mengi yakawa malisho ya ng'ombe, na mlimaji akabaki na kipande cha mteremko. Mwaka 1993 damu ilimwagika Masisi, na ardhi ilikuwa mojawapo ya sababu. Kila vita iliyofuata ilihamisha watu, na kila uhamaji ulileta mauzo ya haraka. Mwezi wa 2 mwaka 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, watu wengi walishika njia ya kurudi makwao. Baadhi yao walikuta mtu mwingine analima.

Turudi kwa ujumbe wa komisioneri: nyumba, kuwinda, ng'ombe. Mnunuzi aulize nini?

Kwanza, nyumba. Nyumba ni jambo la kudumu. Je, mila ya mahali inamruhusu huyu anayeuza kuruhusu jambo la kudumu? Ndugu zetu wa Bushi wanatofautisha vizuri. Kalinzi ilikuwa haki ya kudumu, inayorithiwa, mtu akitoa ng'ombe kwa mwenye ardhi. Bwasa ni kukodi kwa muda, na mtu wa bwasa hapandi migomba wala kahawa. Anayelima kwa kukodi hawezi kukuuzia mahali pa kujenga, hata akiwa na njaa.

Pili, kuwinda. Mkisikia «pori la kuwinda» karibu na Virunga, simameni. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1925, na ndani yake hakuna chefu wala komisioneri anayeweza kuuza hata mita moja. Hata nje ya hifadhi, sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inataka kibali, na kuna wanyama waliokatazwa kabisa. Anayekuuzia pori pamoja na nyama zake anakuuzia kesi.

Tatu, ng'ombe. Ng'ombe hawasomi mipaka. Kabla ya kununua malisho, ulizeni: njia yao ya kwenda kwenye maji inapita wapi? Inapita katika maharagwe ya nani? Tumepatanisha ugomvi mwingi ulioanza na ng'ombe mmoja katika shamba la mama mjane. Njia ya ng'ombe ikiandikwa mapema, fidia ikapangwa mapema, watu wanaweza kukaa jirani wakapeana maziwa na maharagwe.

Sasa ninyi mnaotaka kuuza. Sitawaambia kwamba kuuza ni dhambi. Ninajua mtoto akiugua ilivyo. Ninawaomba mjaribu kwanza njia nyingine. Mnaweza kukodisha kwa msimu mmoja au miwili, kwa karatasi inayosema siku ya kumaliza. Mnaweza kumwachia jirani aliyebaki alime na kulinda mipaka, mkagawana mavuno. Mnaweza kuomba likelemba, kanisa, msikiti au ukoo uwakopeshe. Na ikiwa hakuna njia, uzeni sehemu, msiuze yote.

Ikiwa mmefikia kuuza, msipokee pesa kabla ya mambo matano kukamilika. Mke au mume asikie na akubali. Tangu mwaka 2016 Kanuni ya Familia iliyorekebishwa haimtaki tena mke aliyeolewa aombe ruhusa ya mume katika mambo ya sheria. Ni mtu kamili, na sauti yake ihesabiwe. Watoto wakubwa na ukoo wajue. Majirani wa pande zote nne wataje mipaka: mto, mti, jiwe, njia. Makaburi na maji yaandikwe peke yake. Na karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanaisikia, kabla ya mtu kutia kidole. Kwa jambo kubwa tafuteni mwanasheria, mmuulize pia kama sheria imebadilika.

Ninyi machefu na wazee, nina ombi moja kwenu. Msitie sahihi juu ya ardhi ya mtu asiyekuwapo. Najua mnunuzi huja na mbuzi na kasiksi, na wakati mwingine huja na mtu mwenye silaha nyuma yake. Anayekuja na silaha, mwambieni tu kwamba wenye kujua mipaka hawapo, mambo yangoje. Wengine wote waambieni wazi kwamba mwenye shamba ataulizwa kwanza. Fungueni daftari la kijiji: nani aliondoka, aliacha nini, mipaka ni ipi, nani analima sasa na kwa makubaliano gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo halipendelei kabila lolote. Linamlinda Muhunde, Munande, Muhutu, Mututsi, Mutembo na kila mtu anayetaka kurudi kwake.

Mtaniuliza kilima cha baba mdogo kimefikia wapi. Nilikwenda mbele ya kamati ya mapatano nikasema wazi kwamba niliandika vibaya, na kwamba sikumwita mama mdogo. Ilikuwa aibu kubwa kwangu, mtu wa shirika anayefundisha wengine. Lakini nilipomaliza, mnunuzi alisema naye kwamba siku ile hakuonyeshwa mto, aliambiwa tu. Walipanda kilimani pamoja, na wazee wawili waliobaki. Kwa sasa mama mdogo analima sehemu ya chini na makaburi yamezungushiwa miti. Sehemu ya katikati bado inazungumzwa. Vita vimekatiza mikutano mara nyingi, na sijui watamaliza lini. Lakini yule kijana aliyeniuliza juu ya bunduki ndiye anayeshika kamba wakati wa kupima.

Leo baada ya mkutano nitabaki hapa chini ya mti na daftari. Mwenye shamba aliloliacha aje tuandike mipaka anayoikumbuka, na aje na mke wake au mume wake. Safari hii sitaandika kabla ya kuwauliza wote wawili.