Nyumba ya Strokestown na Karatasi Zake



Mwaka huu wa jubilei tumefungua makabati ya misheni, tukatoa madaftari yaliyoliwa na mchwa, tukaulizana lipi litunzwe na lipi litupwe. Kwa hiyo tumependa kuwasimulia habari za nyumba moja huko Ayalandi, nchi waliyotoka baadhi ya mapadre na masista waliofundisha katika Afrika ya Mashariki.

Kaunti ya Roscommon ni nchi ya malisho, ya maziwa, na ya mabwawa ambayo udongo wake mweusi hukatwa na kukaushwa uwe kuni. Ndani yake kipo kijiji cha Strokestown. Njia yake kuu ni pana ajabu, na mwisho wake pana lango la nyumba ya ukoo wa Mahon, waliokuwa wenye ardhi yote ya pale. Jikoni mwa nyumba hiyo mna roshani. Bibi wa nyumba alisimama huko juu siku ya Jumatatu, akawaangushia wapishi karatasi ya vyakula vya juma zima, asishuke kwao. Watumishi nao walichimbiwa njia chini ya ardhi, wasionekane wakipita.

Wakati huo kaunti nzima ilitawaliwa na watu wa nyumba za namna hiyo. Wenye ardhi waliketi pamoja wakakata shauri juu ya barabara, madaraja na kodi, wala hakuna aliyewachagua. Sheria ya mwaka 1898 ndiyo iliyoleta baraza la kuchaguliwa, na uchaguzi wa kwanza ukafanywa mwaka 1899.

Lakini kabla ya hapo njaa ilikuwa imekwisha kupita. Tangu mwaka 1845 viazi, chakula cha maskini, viliozea shambani. Mwaka 1846 wapangaji wa Cloonahee walimwandikia Meja Denis Mahon barua, wakimwambia kwamba watoto wao wana njaa, wakiomba kazi. Kumbukeni kwamba sheria iliwatoza wenye ardhi kodi kwa ajili ya nyumba za maskini. Msimamizi wa Mahon akapiga hesabu, akaona kwamba kuwapakia watu merikebuni kutamgharimu bwana wake karibu nusu tu ya gharama ya kuwalisha mwaka mmoja katika nyumba hizo. Hesabu yenyewe haina kosa, waalimu wenzetu. Ingepata alama zote darasani.

Basi mwaka 1847 watu 1,490 walitolewa wakaenda kwa miguu kando ya mfereji mpaka Dublin, mwendo wa kilometa 165, pamoja na msimamizi wa kuwaangalia wasirudi nyuma. Wakavuka kwenda Liverpool, kisha wakapandishwa merikebu za kwenda Kanada. Katika merikebu Virginius abiria walikuwa 476. Watu 158 walikufa baharini. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Mahon alipigwa risasi njiani, akitoka katika mkutano wa habari za nyumba ya maskini. Mwaka 1841 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 250,000. Mwaka 1851 walibaki yapata 173,000. Leo ni kama 70,000.

Katika vita vya miaka ya 1920 hadi 1923 nyumba nyingi za wenye ardhi katika Ayalandi zilichomwa moto, wala hatuwezi kusema kwamba wachomaji hawakuwa na sababu. Ile ya Strokestown ilisalimika. Mwaka 1979 Jim Callery, mtu wa pale pale mwenye biashara ya magari, alinunua mahali hapo kwa kuwa alitaka nafasi ya malori yake. Akaingia katika chumba cha hesabu, akakuta karatasi, na miongoni mwake ile barua ya Cloonahee. Akaisoma. Habari za malori zikaachwa, nyumba ikatunzwa, na mwaka 1994 jumba la makumbusho ya njaa likafunguliwa humo. Karatasi zenyewe zapita 50,000.

Twastaajabu jambo hili: wenye nyumba waliziweka karatasi hizo ili wajue kodi yao, na sasa hizo ndizo zinazowashuhudia waliofukuzwa. Wale wa Cloonahee hawakuacha nyumba ya mawe, waliacha maombi yao tu, nayo yalihifadhiwa na yule yule waliyemwomba. Kama nyumba ingaliteketea, majina yao yangaliteketea pamoja nayo.

Siku hizi njia ile ya kilometa 165 imetiwa alama, na watu huifuata kwa miguu kutoka Strokestown mpaka Dublin. Kando yake, mahali zaidi ya thelathini, pamewekwa viatu vya mtoto vya shaba nyeusi. Vimefanywa kwa mfano wa viatu vya kweli vilivyookotwa katika nyumba iliyobomoka, vimefungwa pamoja kwa uzi.