Gari la umeme na jiwe la Ngwala



Juma lililopita nilikuwa Chunya, mji wa dhahabu, kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Mbeya. Wale waliosafiri njia ile miaka ya nyuma wanajua adhabu yake: unapanda mlima kwa ukungu na baridi, unateremka upande wa pili kwa vumbi na joto, na ukifika mwenyeji wako hakutambui. Siku hizi ni lami tupu. Nilikwenda kwa shughuli za kifamilia, lakini mwandishi wa habari hana likizo. Nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha chai, kijana mmoja mwendesha bodaboda alinisogelea na simu yake mkononi.

"Shikamoo mzee. Wewe si ndiye yule wa redioni? Hebu nifafanulie hili."

Alikuwa amesoma kwamba huko Marekani serikali ilikuwa ikimpa mnunuzi wa gari jipya la umeme nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500. Nafuu hiyo ikafutwa tarehe 30 Septemba, 2025. Mara tu baada ya hapo, kampuni ya Hyundai ikatangaza kwamba gari lake la Ioniq 5, toleo la 2026, litapunguzwa bei kwa hadi dola 9,800. Kijana hakuelewa. Serikali ikiondoa msaada, si bei ingepanda? Imekuwaje ishuke? "Wametoa kitu gani humo ndani?" akauliza. "Viti?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa pembeni, mnunuzi wa dhahabu wa siku nyingi, akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akamwambia, "hawakutoa kitu. Ile fedha ya serikali ilikuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Muulize mchimbaji yeyote wa Makongolosi, atakueleza."

Maneno ya mzee huyo ndiyo yaliyonipa mazungumzo ya leo.

Mnakumbuka mwaka 2019. Kabla ya hapo mchimbaji mdogo aliyetaka kuuza dhahabu yake kihalali alikutana na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, juu ya mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hesabu hiyo ilimfanya mtu mwaminifu aonekane mjinga. Februari ya mwaka huo Bunge likaziondoa zile mbili za kwanza kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakafunguliwa, Chunya ikiwamo. Bei ya dhahabu duniani haikubadilika kwa sababu ya Dodoma. Kilichobadilika ni kiasi kilichobaki mfukoni mwa mchimbaji, na dhahabu iliyokuwa ikipita njia za panya ikaanza kuonekana mezani.

Basi, magari ya umeme nayo ni hivyo hivyo, ila kwa mabilioni ya dola.

Chukueni kampuni ya Tesla ya Marekani, ambayo wengi wetu tunaijua kwa utajiri wa mwenyewe. Mwaka 2020 Tesla ilitangaza faida ya dola milioni 721. Mtu angedhani faida hiyo ilitoka kwenye magari. Lakini mwaka huo huo kampuni ilipata dola milioni 1,580 kwa kuuza kitu ambacho hakina gurudumu hata moja. Sheria za huko, hasa katika jimbo la California, zilimtaka kila mwenye kiwanda cha magari auze sehemu fulani ya magari yasiyotoa moshi. Aliyezidisha alipewa pointi. Aliyeshindwa alinunua pointi kwa aliyezidisha, au alilipa faini. Tesla haiundi gari la petroli hata moja, kwa hiyo ilikuwa na pointi za kumwaga, na washindani wake wakawa wateja wake. Ukiziondoa pointi hizo, kampuni ingekuwa na hasara. Robo ya kwanza ya mwaka 2025 mambo yalikuwa vile vile: faida dola milioni 409, mapato ya pointi dola milioni 595. Kisha Julai, 2025 ikapitishwa sheria iliyofanya faini ya serikali kuu ya huko kwa magari yanayokula mafuta mengi kuwa sifuri. Sasa kama faini ni sifuri, nani atajisumbua kununua pointi za kuikwepa?

Kuhusu bei, kisa kinachonifurahisha ni cha mwanzoni mwa 2023. Serikali ya Marekani ilisema nafuu ya dola 7,500 haitatolewa kwa gari la kawaida linalozidi dola 55,000, wakati magari makubwa yaliruhusiwa kufikia dola 80,000. Gari la Tesla liitwalo Model Y likawekwa kwenye kundi la kawaida. Bei yake ilikuwa dola 65,990. Januari Tesla ikaishusha hadi 52,990, chini kidogo ya mstari. Mwezi uliofuata Wizara ya Fedha ikabadili mawazo na kulihesabu gari hilo kuwa kubwa. Haikupita muda, Tesla ikapandisha bei tena. Gari ni lile lile, injini ile ile. Kilichohama ni mstari wa kalamu ofisini.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana kwamba mzee amesema kweli. Ruzuku ilipokuwapo, kampuni ilipanga bei ikijua kwamba mnunuzi ana dola 7,500 zisizo zake. Ilipoondoka, kampuni ilikuwa na njia mbili: iache bei na kupoteza wateja, au imege faida yake yenyewe.

Wachina nao wana kisa chao. Serikali yao ililea viwanda vya magari ya umeme kwa ruzuku na kwa msamaha wa kodi ya ununuzi kwa miaka mingi, hata viwanda vikawa vingi kuliko wanunuzi, vikaanza kukatana bei. Vilipogeukia nje, Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 100 mwaka 2024. Umoja wa Ulaya, Oktoba ya mwaka huo huo, ukaongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 juu ya ule wa asilimia 10 uliokuwapo. Nako Norwei, nchi inayouza mafuta ya petroli kwa wenzake, ilianza kusamehe kodi za magari ya umeme tangu mwaka 1990. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyoandikishwa huko yalikuwa ya umeme. Mtu akikuambia Wanorwei wanapenda hewa safi kuliko sisi, muulize kwanza gari la petroli linatozwa nini kule.

Hata majirani zetu wamekwisha kulielewa jambo hili. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Rwanda mwaka 2021 ilisamehe kodi kadhaa kwa mkupuo. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilitangaza kupiga marufuku kabisa uingizaji wa magari yasiyo ya umeme, kwa sababu umeme wa maji inao na fedha za kigeni za kununua mafuta hazitoshi.

Yule mzee alisikiliza yote haya akitikisa kichwa. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na lile jiwe letu la Ngwala, mwandishi, linaingia wapi?"

Msikilizaji wa mbali huenda haijui Ngwala. Ni kijiji kilicho Wilaya ya Songwe, eneo ambalo zamani lilikuwa la Chunya kabla ya Mkoa wa Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Karibu na hapo kuna kilima chenye madini adimu, na kati ya hayo wanaotafutwa sana ni ndugu wawili wenye majina ya kukwaza ulimi: neodimiamu na praseodimiamu. Kazi yao ni kutengeneza sumaku yenye nguvu kupita kiasi, na sumaku hiyo ndiyo inayozungusha mota ya magari mengi ya umeme. Gari moja hubeba kiasi cha kilo moja hadi mbili za sumaku hiyo, na karibu theluthi ya sumaku ni madini ya namna ya Ngwala. Betri ndiyo inayosemwa kila siku, lakini betri bila mota ni mzigo tu.

Na bei ya madini hayo? Hapo napo ni kalamu za serikali. China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa kabisa ya madini adimu ya dunia, na hupanga viwango vya uzalishaji wake. Bei ilipanda sana mwanzoni mwa 2022, kisha kufikia 2024 ikawa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Aprili, 2025 China ikabana uuzaji nje wa aina saba za madini adimu pamoja na sumaku zenye madini hayo. Ford ikafunga kiwanda chake cha Chicago kwa wiki moja, Suzuki ikasimamisha kwa muda uundaji wa gari la Swift. Marekani, nchi inayotuhubiria soko huria tangu enzi za masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, nayo ikafanya kitu ambacho sisi tungekaripiwa kwa kukifanya: Julai, 2025 Wizara yake ya Ulinzi iliihakikishia kampuni ya huko ya MP Materials kwamba kwa miaka 10 kilo moja ya ndugu wale wawili haitapata chini ya dola 110. Bei ya soko ikiwa chini, serikali inafidia.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme gari zima linatumia kilo moja kamili ya madini hayo, ambayo ni zaidi ya hali halisi. Kwa bei hiyo iliyohakikishwa, ni dola 110. Na hiyo ni bei ya madini yaliyokwisha kusafishwa na kutenganishwa, si ya makinikia yanayotoka kwenye kilima. Serikali ya Marekani peke yake ilikuwa ikimpa mnunuzi wa gari hilo dola 7,500.

Sasa nirudi Ngwala. Kampuni ya Peak ya Australia ilishughulikia mradi huo kwa zaidi ya miaka kumi. Wakati fulani ulikuwapo mpango wa kusafisha madini hayo Teesside, Uingereza, ukawekwa kando. Aprili, 2023 Serikali yetu ilitia saini mkataba na Peak, ikaundwa kampuni ya pamoja ya Mamba Minerals, Serikali ikiwa na hisa 16 kati ya kila 100 bila kuzilipia, na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Mwaka huo huo Peak ikakubaliana kuiuzia makinikia kampuni ya Shenghe Resources ya China. Mwaka 2025 wenye hisa wa Peak wakakubali kampuni yenyewe inunuliwe na Shenghe hiyo hiyo.

Simlaumu mtu. Mwenye mali ana haki ya kuuza, na Wachina ndio wenye mitambo na ujuzi wa kutenganisha madini haya. Lakini mtazame, ndugu msikilizaji, hali ilivyo. Mwenye sehemu kubwa ya mgodi na mnunuzi wa makinikia wanatoka nyumba moja. Mrabaha wetu unahesabiwa kwa thamani ya mzigo. Gawio la hisa zetu 16 linahesabiwa kwa faida. Vyote viwili vinaanzia kwenye tarakimu moja, nayo ni bei itakayoandikwa kwenye ankara ya mzigo unaotoka Ngwala. Bei hiyo ikiwa ndogo, faida haipotei. Inakwenda kuonekana kwenye kinu cha kusafishia, nje ya mipaka yetu.

Kanuni tunazo. Mamlaka ya Mapato ina kanuni zinazozitaka kampuni ndugu ziuziane kwa bei ambayo watu wasiojuana wangeuziana. Tume ya Madini ipo, na kukagua thamani ya mzigo ni kazi yake. Ugumu ni kwamba dhahabu ina bei inayojulikana kila asubuhi. Hata yule kijana wa bodaboda anaiona kwenye simu. Makinikia ya madini adimu hayana ubao wa bei. Ili kujua thamani yake lazima ujue ndani mna nini, kwa kiasi gani, na gharama ya kuyatenganisha ni ipi. Bila maabara yetu na wataalamu wetu, tutasomewa.

Nilimweleza mzee hayo kwa kirefu kidogo, chai ikapoa. Alinijibu kwa lugha ya kazi yake. Alisema miaka yote aliyonunua dhahabu, muuzaji hakumwuliza kwanza bei, alimwuliza mizani. Mwenye akili alikuja na mizani yake mfukoni, wakapima mara mbili.

"Hiyo ya Ngwala," akaniuliza, "mizani ya pili anayo nani?"

Sikuwa na jibu pale kibandani. Naomba walio Tume ya Madini na Wizarani watujibu kabla lori la kwanza halijapakia: bei ya makinikia yale itakokotolewa kwa kanuni gani, sampuli zitapimwa katika maabara ipi, na je, kanuni hiyo itachapishwa ili mwananchi wa Ngwala na wa Chunya aisome? Wakinijibu, nitayasoma majibu yao hapa hapa, neno kwa neno.

Kwa leo naishia hapo.